Amri za Wiki ya Matanga



Mwezi Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu walikunywa pombe yenye sumu. Waliofariki walifika 17. Serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi: ilinaswa katika msako, ikahifadhiwa katika kituo cha polisi, kisha ikaibwa humo na kuwarudia wanywaji. Machi 6, Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, alitangaza hatua 25 za kupambana na pombe haramu na dawa za kulevya. Leseni za viwanda vya pombe kali za bei ya chini zilisimamishwa ili vikaguliwe upya, na baa zilizo karibu na shule au ndani ya mitaa ya makazi zikaamriwa kufungwa.

Tazameni njia iliyofuatwa. Sumu ilitoka mikononi mwa dola, na mkono wa kwanza wa dola kuonekana ulimfikia mwenye baa wa Nakuru au Kakamega, ambaye leseni yake imetundikwa ukutani na ambaye hakuwa na uhusiano wowote na kijiji cha Kangai. Hasira ya wananchi huanzia hapo. Nimeomba tuizungumzie jioni hii kwa sababu wakubwa wetu wanaielewa visivyo. Wakisikia watu wananung'unikia amri za pombe, husema watu wetu wamezoea ulevi. Nimewasikiliza wanaonung'unika, na wengi wao hawanywi kabisa. Kulingana na utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, Mkenya mmoja kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ndiye anayetumia pombe. Wale saba waliobaki wana kila sababu ya kutaka pombe idhibitiwe, na bado wengi wao wamekasirika. Wanayo haki.

Msimamo wangu uwe wazi mapema. Pombe imevunja nyumba nyingi katika nchi hii, na serikali inayokaa kimya mbele ya jambo hilo haifai. Kina mama wa Murang'a, Kiambu na Nyeri walioandamana barabarani wakilia kwamba waume na wana wao wamekwisha walisema kweli. Ninachokilalamikia ni kwamba kilio chao kimejibiwa kwa amri zilizotungwa haraka, bila hesabu, zikamwangukia asiyehusika na kumwacha muuaji. Mama aliyeandamana amedanganywa, na mwenye duka aliyefungiwa ameonewa. Wote wawili wamekosewa na mtu yuleyule.

Tuangalie mtindo wenyewe. Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na kuwapofusha wengine wengi. Mwaka 2005 msiba ulifika Machakos, wakafa karibu watu 50. Mei 2014 uliingia Embu, Kiambu, Makueni, Kitui na kwingineko, na waliokufa walizidi 80. Kisha Kangai. Kila mara mambo hufuatana kwa utaratibu uleule: mazishi, ziara ya viongozi, amri, msako, picha za pombe ikimwagwa mtaroni, halafu kimya. Miezi michache baadaye hakuna anayekumbuka amri ilisema nini isipokuwa wale wanaoitumia kudai hongo. Kwa sababu hiyo naziita amri za wiki ya matanga. Hutungwa wakati maiti bado iko mochari, na zinahitaji tu kuonekana kabla ya mazishi kwisha.

Yeyote anayetaka kutunga sheria ya kuzuia vifo hivi lazima kwanza ajue watu hufa kwa nini. Busaa haiui kijiji kizima kwa usiku mmoja, wala muratina, wala chang'aa iliyotengenezwa na bibi anayejua kazi yake, ijapokuwa chang'aa ni kali na huharibu ini la mtu polepole. Kinachoua watu 17 au 80 kwa mara moja ni methanoli. Ni kemikali ya viwandani. Hutumika kutengeneza rangi, gundi na viyeyusho. Haina rangi. Ladha na harufu yake zinakaribiana sana na za ethanoli, ambayo ndiyo kilevi cha kawaida, hivi kwamba mnywaji hawezi kutambua. Mtu anapoinywa hulewa kidogo kama kawaida, kisha hulala. Usiku huo ini lake huibadilisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa macho. Asubuhi anaamka anauliza kwa nini taa hazijawashwa. Vijiko vichache vya methanoli vinatosha kumpofusha mtu mzima, na vikizidi kidogo humwua.

Inaingiaje kwenye chupa? Kwa bei. Ethanoli ya kunywa hutozwa ushuru, methanoli ya kiwandani haitozwi ushuru wa pombe. Mtu mwenye pipa na tamaa anaichanganya na maji, anatia rangi ya karameli, anafunga kwenye chupa yenye nembo bandia, na lori linaondoka usiku. Mnyororo huu una watu wachache sana juu yake: anayeagiza kemikali kutoka nje, anayeihifadhi, na anayeivusha kutoka kiwandani kwenda kwa mpishi wa pombe. Watu hao wangeweza kufuatiliwa kwa daftari na makarani wachache wenye bidii. Baa na maduka ya kuuza pombe nchini ni maelfu kwa maelfu. Ila amri zetu huanzia chini, kwenye yale maelfu, kwa sababu mlango wa baa unaonekana kutoka barabarani na unaweza kupigwa teke mbele ya kamera.

Sasa tuje kwenye Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo sote tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni. Nataka niitendee haki, kwa maana ilikuwa na fikra. Iliifuta sheria ya mwaka 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, ikisema afadhali chang'aa itoke kichakani, ipimwe, itiwe kwenye chupa yenye lebo na onyo. Ilipiga marufuku pombe ya mifuko. Ilimkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa. Haya yote ni mema. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeandaa njia ya kumtoa mpishi wa chang'aa alipo na kumfikisha sheria ilipotaka afike. Mama wa Vihiga anayepika kando ya mto kwa pipa na mrija wa shaba angewezaje kupata mashine ya kupimia, chupa za kioo, alama ya ubora na leseni ya kiwanda? Hakukuwa na ushirika wala mkopo kwa ajili yake, hata afisa wa kumfundisha. Sheria ilimfungulia mlango ulio juu ya ukuta na haikumpa ngazi. Akabaki kichakani, na polisi wakabaki wageni wake.

Halafu saa. Baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kusudi lilikuwa kumzuia mtu asianze kunywa asubuhi badala ya kwenda kazini, na ni kusudi la heshima. Lakini ingieni mtaa wowote wa Nairobi saa tisa alasiri siku ya Jumanne. Mlango wa mbele wa chuma umeshushwa nusu. Wateja wanapitia nyuma, kwenye kichochoro cha vyoo, na ndani redio imepunguzwa sauti. Mhudumu amekaa nyuma ya kaunta iliyozungushiwa vyuma, anapitisha chupa kwenye kidirisha kisichozidi upana wa kitabu. Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna leseni ya kaunti, cheti cha afya, cheti cha zimamoto, kibali cha muziki na kibali cha biashara, vyote vimelipiwa. Mwenye baa amelipa kila anachodaiwa na sheria, na bado kila jioni anamlipa askari anayepita kwa miguu na kofia yake, kwa sababu ya zile saa. Gari la polisi likija kwa msako wa kweli, mwenye baa hayupo. Anayepakiwa ni yule dada wa kaunta. Analala seli na viatu vyake mkononi, anafikishwa mahakamani asubuhi, na faini hiyo mara nyingi hukatwa kwenye ujira wake wa kutwa, pamoja na chupa zilizovunjika wakati wa msako.

Nimetaja leseni ya kaunti kwa makusudi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka utoaji wa leseni za pombe mikononi mwa kaunti. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kaunti inachukua ada na kutoa leseni, na wiki inayofuata ofisi ya kamishna wa serikali ya kitaifa inaifunga baa ileile ikisema haikustahili kuwa pale. Mwananchi anauliza swali jepesi: serikali ni ngapi? Ameshalipa moja, nyingine inamkamata, na hizo mbili hazijawahi kuketi meza moja zikakubaliana ramani.

Na ramani ndiyo inayotakiwa hasa, kwa maana sheria inasema baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule. Hakuna mzazi atakayepinga maneno hayo. Lakini pigeni hesabu. Duara la mita 300 kuzunguka shule moja hufunika takriban hekta 28, karibu ekari 70. Mtaa kama Kayole au Mathare una shule za msingi za umma, za kanisa na za watu binafsi zilizobanana kwenye vichochoro, na maduara yanalaliana hadi mtaa mzima unafunikwa. Maana yake ni kwamba karibu kila baa ya mtaa kama huo imevunja sheria tangu siku ilipofunguliwa, na kila leseni imetolewa kwa mtu kufumba macho. Baa nyingine ilikuwepo miaka mingi kabla mtu hajafungua shule ya chekechea kwenye jengo la jirani. Nani ahame? Sheria isiyoweza kufuatwa na mtu yeyote haizuii chochote. Humpa afisa wavu wa kukamatia watu anapotaka. Waliotunga umbali huo wangetembea Kayole siku moja na utepe wa kupimia, wangeliona hilo.

Nitakaa zaidi kwenye suala la bei na ushuru, kwa sababu huko ndiko mnywaji maskini huamulia anywe nini, na huko ndiko serikali imejipinga yenyewe waziwazi.

Mwaka 2004 ililetwa sokoni bia ya keg iitwayo Senator, ikiuzwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa, kwa makubaliano kwamba serikali itasamehe ushuru. Kusudi lilikuwa kumpa mtu wa kipato cha chini kinywaji kilichopimwa, kwa bei inayoweza kushindana na chang'aa. Lilifaulu kwa kiasi kikubwa. Wakulima wa mtama wa Tharaka, Kitui, Siaya na Homa Bay nao wakapata soko. Mwaka 2013 serikali ikihitaji fedha ikarudisha ushuru, bei ya kikombe ikapanda, na mauzo yakaporomoka. Mnywaji hakuacha kunywa. Alivuka barabara. Mei ya mwaka uliofuata tukazika zaidi ya watu 80. Sisemi ushuru ule ndio uliowaua. Aliyewaua ni aliyetia methanoli. Ila mtu aliyekuwa akinywa keg na akashindwa na bei yake alikwenda mahali fulani, na mahali hapo hapakuwa na kipimo wala lebo. Mwaka 2015 serikali ilirudisha msamaha wa ushuru wa asilimia 90. Kwa hivyo somo lilieleweka, baada ya miaka miwili, na sidhani familia za Embu na Makueni zimewahi kuelezwa.

Hata baada ya hapo, hesabu bado imepinda. Tangu mwisho wa mwaka 2024, ushuru unatozwa kwa kipimo cha kilevi halisi kilichomo kwenye kinywaji. Wazo hili naliunga mkono, kwa kuwa linatoza kile kinachomdhuru mtu. Tatizo liko kwenye viwango. Bia hutozwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kilevi, na pombe kali hutozwa shilingi 10. Chukueni chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5: ina sentilita 2.5 za kilevi, ushuru shilingi 56.25. Chukueni ile chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali yenye asilimia 40, ile ambayo kijana anaimaliza akiwa amesimama dukani: ina sentilita 10, ushuru shilingi 100. Kilevi kimekuwa mara nne, ushuru haujafika hata mara mbili. Serikali ileile inayopeleka askari kuzipiga vita pombe kali za bei ya chini ndiyo inayozitoza chini ya nusu ya inavyoitoza bia. Mtanijibu kwamba ushuru wa pombe kali ukipandishwa peke yake mnywaji atakimbilia ya magendo, na nakubali. Hiyo ndiyo sababu bei, leseni na ufuatiliaji wa kemikali lazima vipangwe pamoja na watu walewale, kwenye meza moja. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya chama cha watengenezaji wa vileo uliweka sehemu ya pombe haramu kwenye takriban asilimia 60 ya pombe yote inayouzwa nchini. Chama hicho kina maslahi yake, na takwimu zake zisomwe kwa uangalifu huo. Lakini hata tukipunguza, bado tunaona kwamba amri zinazowahusu wenye leseni zinahusu sehemu ndogo ya soko.

Naomba tukumbuke Julai 2015 pia. Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza viongozi wa Mlima Kenya waongoze vita dhidi ya pombe za kizazi cha pili, yaani zile kali za bei ya chini. Wabunge waliingia barabarani na makundi ya vijana. Maghala yalivunjwa, pombe ikamwagwa na kuchomwa, na humo mlikuwa na shehena za kampuni zilizokuwa na leseni, alama ya ubora na stempu za ushuru. Najua wengi wenu mlishangilia, na naelewa kwa nini. Mtu aliyemzika mwanawe hana haja ya kuangalia stempu. Lakini serikali iliyotoa stempu ilikuwa na haja hiyo. Siku ile mfanyabiashara mwaminifu alijifunza kwamba kulipa ushuru hakumlindi, na mdanganyifu alijifunza kwamba hakuna tofauti kati yake na mwaminifu. Funzo hilo limeigharimu nchi kuliko pombe yote iliyomwagwa.

Wakati wa korona mambo yalikuwa yaleyale kwa sura nyingine. Baa zilifungwa, mikahawa ikaruhusiwa kuuza pombe kwa anayekula. Watu wakaagiza soseji, ikakaa mezani hadi ikakauka, chupa zikaendelea. Julai 27, 2020, pombe ikapigwa marufuku mikahawani kwa siku 30, na waliofuata kanuni tangu mwanzo wakapoteza sawa na waliozichezea. Baa zilifunguliwa tena mwisho wa Septemba. Sitailaumu wizara ya afya kwa kila jambo la mwaka ule. Hakuna aliyekuwa na uzoefu. Ila mhudumu wa baa hakutajwa katika mpango wowote wa msaada kwa namna aliyoweza kuifikia, na aliambiwa tu asubiri.

Sasa tuko kwenye sera mpya. Julai 30, 2025, Waziri Kipchumba Murkomen alizindua sera ya kitaifa ya kuzuia matumizi ya pombe na dawa za kulevya. Ndani yake mlipendekezwa umri wa kuruhusiwa kunywa upande kutoka 18 hadi 21, na uuzaji ukatazwe kwenye supamaketi, mtandaoni, ufukweni, vituo vya petroli, na kupelekewa mtu nyumbani. Nchi ikalipuka. Wenye hoteli za Pwani walishtuka, kwa kuwa mgeni wa Diani hunywea ufukweni. Vijana waliuliza inakuwaje mtu wa miaka 18 apige kura, aoe, aandikishwe jeshini, kisha aambiwe ni mtoto mbele ya chupa. Siku chache baadaye NACADA ilieleza kwamba sera si sheria, na kwamba hakuna kilichobadilika hadi Bunge litunge.

Mimi naona hoja ya miaka 21 ina nguvu zaidi kuliko vijana wanavyoipa. Ubongo wa kijana bado unakua, na yapo mataifa yaliyopandisha umri na vifo vya barabarani vikapungua. Lakini utafiti uleule wa NACADA wa 2022 ulipata watoto waliokwisha kuonja pombe wakiwa na miaka 7. Umri wa 18 wenyewe haulindwi. Anayetaka kutuhamisha kwenda 21 anapaswa kwanza kutuonyesha atakavyoulinda ule tulio nao: nani atakagua vitambulisho, mara ngapi, kwa mshahara gani, na duka litakaloshindwa litafanywa nini. Na kuhusu supamaketi, ambako pombe huuzwa kwa risiti, mbele ya kamera, na keshia anayekataa kumhudumia mtoto wa shule: kuiondoa huko na kuiacha kwenye kidirisha cha chuma cha kichochoroni ni kuipeleka mbali na macho.

Kutoaminiana huku kuna mizizi ya zamani. Kuanzia miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilishika biashara ya pombe ya Waafrika, likawauzia katika ukumbi wake wa Pumwani na kuwakamata wanawake waliopika majumbani. Bia ya chupa Mwafrika hakuruhusiwa hadi miaka ya 1940, na pombe kali hadi miaka ya 1950. Bibi zetu walijua tangu zamani kwamba amri ya pombe huja na mtu wa kufaidika nayo. Haitoshi kuwaambia wajukuu wao kwamba safari hii ni kwa ajili ya afya. Waonyesheni.

Inawezekana kupanga. Uskoti ilipitisha mwaka 2012 sheria ya bei ya chini kabisa ya pombe, ikilenga zile kali za bei ya kutupa. Wenye viwanda walikwenda mahakamani, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na sheria ikaanza kutumika Mei 2018. Ndani ya sheria yenyewe waliandika kwamba itakufa baada ya miaka sita, isipokuwa Bunge liangalie ushahidi na kuipa uhai tena. Mwaka 2023 taasisi yao ya afya ya umma ilikadiria kwamba vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na pombe vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa bila sheria ile. Bunge likaibakisha na kupandisha bei. Hali ya Uskoti si yetu. Wao hawana chang'aa ya kushindana nayo. Ninachowaonea wivu ni ile saa waliyojiwekea, ya kurudi na kujipima mbele ya watu wao. Sheria yetu ya 2010 ina miaka zaidi ya kumi na mitano. Nani amekuja kijijini kwenu kuwauliza imefanya nini?

Jirani zetu wa Tanzania walipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya mifuko midogo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza katikati ya Februari 2017 na katazo likaanza Machi 1. Watoto wa shule walikuwa wakivinunua kwa sarafu za nauli, kwa hiyo katazo lilistahili, na leo wachache wanavililia viroba. Lakini wiki mbili kwa mwenye kiwanda na muuza jumla aliyejaza ghala kwa mkopo zilikuwa chache mno, na jambo jema likaanza kwa malalamiko yasiyohitajika.

Kwetu Kenya, utaratibu wa kuzuia haya upo katika maandishi. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri inamdai waziri ashauriane na watakaoathirika, na aandae taarifa ya gharama na athari kabla ya kutoa kanuni nzito. Amri inayosomwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari inaruka yote hayo. Ndiyo maana mahakama zetu zimejaa kesi za amri za namna hii, na serikali inapoteza miaka ambayo ingeitumia kuokoa watu.

Mswada wa kuifanya sera ile kuwa sheria ukifika Bungeni, Kifungu cha 118 kinawapa nyinyi nafasi ya kusikilizwa. Msiende kusema tu kwamba mnapinga, wala kwamba mnaunga mkono. Waulizeni ni nani aliye na daftari la kila lita ya methanoli inayoingia bandari ya Mombasa, na inaishia kiwanda kipi. Waulizeni kwa nini kemikali hiyo haitiwi rangi na uchungu kabla ya kutoka ghalani, ili hata mlevi aiteme. Waulizeni ni hospitali gani ndogo iliyo karibu na Kangai yenye dawa ya kuzuia methanoli na mashine ya kusafisha damu, kwa sababu mtu aliyekunywa anaweza kuokolewa akiwahiwa, na wengi hufia kwenye pikipiki njiani. Kina mama, ombeni nafasi za matibabu ya uraibu katika kila kaunti, za bei mnayoiweza. Vituo vingi vilivyopo ni vya kulipia, na mtu wa kijijini havifikii. Wenye baa, ombeni ramani moja ya kaunti na serikali kuu, na muwe tayari kufunga pale ramani itakaposema hapafai. Nanyi dada zetu wa kaunta, ombeni kwamba leseni ikivunjwa ashtakiwe mwenye leseni.

Karani wa Bunge hupokea maoni kwa mkono, kwa posta na kwa barua pepe, na hahitaji mwandikaji awe na wakili. Mnaweza kuandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 120 kimekifanya lugha rasmi ya Bunge. Tajeni mtaa wenu, tajeni umbali kutoka baa hadi shule kama mlivyoupima wenyewe, tajeni saa ambazo msako hufika na kiasi kinachodaiwa, na wekeni nakala ya barua hiyo iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.